Ubongo na Bohari ya Mafuta

Kila kambi ina bohari, na kila bohari ina mtunzaji. Kazi yake si kupokea magunia tu, bali pia kumpelekea mkubwa wake taarifa ya akiba iliyopo. Taarifa isipofika, mkubwa hudhani bohari ni tupu, akaagiza magunia mengine ilhali yaliyomo yamegusa dari.

Ndivyo ulivyo mwili wa mnyama, na wa binadamu vilevile. Bohari ni mafuta ya mwilini. Mkubwa ni sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo haipothalamasi. Mwaka 1940 wataalamu wa Marekani, Hetherington na Ranson, walionyesha ya kuwa panya akijeruhiwa sehemu hiyo hunenepa kupita kiasi.

Je, taarifa humfikiaje mkubwa huyo? Jibu lilianzia mwaka 1949 katika maabara ya Jackson, mji wa Bar Harbor, Marekani. Humo walizaliwa panya wadogo waliokula bila kukoma, wakawa na uzito wa karibu mara tatu ya wenzao. Baadaye mtaalamu Douglas Coleman aliunganisha damu ya panya mnene wa namna hiyo na ya panya wa kawaida. Yule mnene akapunguza kula, na unene wake haukuongezeka kwa kasi ile. Coleman akatambua kwamba damu ya mwenzake ilimletea kitu alichokikosa tangu kuzaliwa.

Kitu hicho kilifahamika mwaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake wa New York walipoigundua homoni iliyopewa jina leptini, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya wembamba. Ajabu ni kwamba leptini hutengenezwa na mafuta yenyewe. Yakiwa mengi, hupeleka habari nyingi ubongoni. Yakipungua, habari hupungua. Panya wale walipodungwa leptini, walikula kidogo na miili yao ikachoma mafuta zaidi.

Mwaka 1997 iligunduliwa huko Uingereza kuwa watoto wawili wa ukoo mmoja, waliokuwa hawashibi kamwe, walikosa leptini. Mmoja wao alipotibiwa kwa homoni hiyo, njaa yake ilitulia na uzito ukapungua. Watu wa aina hiyo, hata hivyo, ni wachache mno. Wengi walio wanene wana leptini tele, lakini ubongo wao hauisikilizi ipasavyo. Kwa hiyo sindano hiyo haiwafai sana.

Hapa pana funzo kwa kila nyumba. Mtu ajinyimapo chakula ghafla ili akonde, leptini yake hushuka, na ubongo hudhani njaa kuu imeingia nchini. Huongeza hamu ya kula na kupunguza uchomaji wa chakula mwilini. Ndiyo sababu wengi hupungua kwa mwezi mmoja, kisha wakaurudia uzito wao wa zamani.

Basi, msomaji, apendaye kupunguza uzito na apunguze polepole, kwa mlo wa kiasi na mazoezi ya kila siku. Haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba hukipunguza. Wala tusimcheke mke, mume au mtoto mnene kwa kumwita mlafi. Huenda anapigana kila siku na amri itokayo kichwani mwake, vita ambavyo sisi hatuvioni.