Mapato ya Matangazo Yameporomoka Ghafla Kwenye Tovuti? Usiguse Kitu Kabla Hujajua Haya

Juzi dola 20, jana dola 10, leo asubuhi karibu sifuri. Kwa mwenye blogu anayeishi kwa matangazo ya Google AdSense, tarakimu hizo zinatosha kuharibu siku nzima. Hosti inadaiwa, mwandishi anasubiri malipo yake, na hela ya bando ilikuwa itoke hapo hapo.

Kinachofuata ndicho hatari zaidi. Wengi hukimbilia kubadilisha muundo wa tovuti, kujaza matangazo kila kona, au kuwaomba watu kwenye magrupu ya WhatsApp "wasapoti" kwa kubofya. Mapato yaliyoshuka yanaweza kupanda tena. Akaunti iliyofungwa kwa mibofyo ya uongo kuirudisha ni kazi ngumu sana.

Badala ya kupiga ramli, kuna njia ya kumtafuta mchawi hatua kwa hatua, tena kwa simu hiyo hiyo.

Hakikisha kwanza kama kweli yameshuka

Ripoti za AdSense kwa kawaida hufuata saa za California, isipokuwa mwenye akaunti awe amebadilisha mpangilio. California iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 10 au 11, kutegemea msimu. Maana yake, namba ya "leo" huanza upya saa nne au saa tano asubuhi ya Dar es Salaam na Nairobi.

Kwa hiyo anayefungua akaunti saa sita mchana na kukuta senti chache hajapoteza kitu. Siku ya ripoti ndiyo kwanza imeanza.

Pia usilinganishe Jumapili na Ijumaa. Linganisha Jumatatu na Jumatatu iliyopita, na wiki nzima na wiki nzima. Siku moja mbaya si ugonjwa. Siku nne au tano mfululizo ndizo za kufuatilia.

Mapato ni namba mbili tu

Ukiondoa mapambo yote ya dashibodi, mapato ya matangazo yanatokana na vitu viwili: kurasa ngapi zimetazamwa, na kila kurasa 1,000 zimeingiza shilingi ngapi. Hiyo ya pili ndiyo inayoitwa RPM.

Chukua mfano. Tovuti inatazamwa kurasa 20,000 kwa siku, na RPM ni dola 1. Mapato ni dola 20. Wiki inayofuata yanakuwa dola 10 kwa siku.

Inawezekana kurasa zimeshuka hadi 10,000 huku RPM ikibaki dola 1. Inawezekana pia kurasa ni 20,000 zilezile, ila RPM imeshuka hadi senti 50. Mfukoni zinaingia dola 10 zilezile, lakini hayo ni magonjwa mawili tofauti, na dawa ya huu haitibu ule.

Ndiyo maana swali la kwanza si "kwa nini mapato yameshuka?" bali "kati ya hizi mbili, ipi imeshuka, na ilianza tarehe ngapi?" Ukishapata tarehe, nusu ya kazi imeisha.

Kama zilizoshuka ni kurasa

Fungua Google Analytics uone wasomaji walikuwa wanatoka wapi: utafutaji wa Google, Facebook, au moja kwa moja. Viungo vinavyosambazwa WhatsApp mara nyingi huhesabiwa kwenye hilo kundi la "moja kwa moja". Kisha jiulize: kimeshuka chanzo kimoja au vyote?

Vikianguka vyote kwa wakati mmoja, mara nyingi ni tatizo la kiufundi. Seva imezima, domeini imeisha muda wake, au msimbo wa kuhesabu wasomaji umefutika wakati wa kubadilisha templeti. Tarehe 1 Julai 2023, kwa mfano, Google iliacha kuhesabu kwa mfumo wa zamani wa Analytics. Tovuti ambayo haikuhamia mfumo mpya ilionekana kama imekufa, wakati wasomaji wake walikuwepo.

Hapo ripoti ya AdSense inasaidia kama shahidi wa pili. Ikiwa Analytics inaonyesha sifuri lakini AdSense bado inahesabu kurasa kama kawaida, kilichoharibika ni kipimo, tovuti ni nzima.

Wakati mwingine tatizo liko nje ya tovuti kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo msomaji hawezi kufungua ukurasa, na hakuna cha kurekebisha kwenye tovuti. Ni kusubiri tu.

Ikiwa kilichoshuka ni Google pekee, nenda Search Console. Huko kuna namba tatu za kutazama: tovuti imeonekana mara ngapi kwenye matokeo, imebofywa mara ngapi, na imekaa nafasi ya ngapi.

Nafasi ikishuka kwa makala nyingi kwa pamoja, linganisha tarehe na mabadiliko makubwa ya Google, ambayo kampuni yenyewe huyatangaza. Yale ya Machi 2024, kwa mfano, yalianza tarehe 5 Machi na kumalizika tarehe 19 Aprili. Katika kipindi kirefu namna hiyo, kurekebisha makala kila siku ni kujichosha. Subiri yaishe ndipo upime.

Lakini kama nafasi ni ileile na tovuti inaonekana vilevile, ila mibofyo imepungua, basi ukurasa wa matokeo ndio umebadilika. Tangu Mei 2024 Google ilianza, kwa kuanzia Marekani, kuweka majibu ya akili bandia juu ya matokeo. Msomaji akishapata jibu hapo juu, wengine hawashuki tena chini.

Na kuna sababu nyingine rahisi ambayo wengi huisahau: makala moja. Tovuti iliyoweka habari ya matokeo ya kidato cha nne hupata mafuriko ya wasomaji kwa siku chache, kisha yanakauka. Wiki ya matokeo haiwezi kuwa kipimo cha wiki ya kawaida.

Kama iliyoshuka ni RPM

Hapa kurasa ni zilezile lakini hela haiji. Anza na nchi za wasomaji, kwa sababu ndipo wengi wanapodanganyika.

Rudi kwenye mfano wa kurasa 20,000. Tuseme 18,000 zilikuwa za wasomaji wa Tanzania kwa RPM ya senti 50, yaani dola 9. Nyingine 2,000 zilikuwa za Waswahili walioko Marekani kwa RPM ya dola 5.50, yaani dola 11. Jumla dola 20.

Sasa wale wa Marekani wakiondoka na nafasi yao ikachukuliwa na wasomaji 2,000 wapya wa nyumbani, kurasa zinabaki 20,000. Mapato yanakuwa dola 10. Hakuna tangazo lililoharibika na hakuna adhabu yoyote. Waliobadilika ni wasomaji tu, na ripoti ya nchi itakuonyesha hilo kwa dakika mbili.

Nchi zikiwa vilevile, tazama kalenda. Novemba na Desemba makampuni humwaga bajeti za matangazo kwa ajili ya sikukuu. Januari bajeti zinaanza upya na bei hushuka karibu kila mwaka. Anayelinganisha Januari na Desemba lazima ashtuke. Alinganishe Januari hii na Januari iliyopita.

Kalenda nayo ikiwa haina kosa, ingia Kituo cha Sera ndani ya AdSense. Kuna mambo matatu ya kukagua.

La kwanza ni kikomo cha matangazo. Google ikitilia shaka wanaobofya au wanaotazama, hupunguza idadi ya matangazo yanayoonyeshwa. Dalili yake ni nafasi nyingi za matangazo kubaki tupu.

La pili ni kurasa zilizowekewa vizuizi kwa sababu ya maudhui, kwa mfano picha za maiti kwenye habari ya ajali. Ukurasa mmoja maarufu ukifungiwa, mapato ya tovuti nzima yanayumba.

La tatu ni faili la ads.txt. Hili ndilo linalowaambia wanunuzi nani ana haki ya kuuza matangazo ya tovuti hiyo. Ukihamisha hosti ukalisahau, au likabaki na namba ya akaunti isiyo yako, baadhi ya wanunuzi hawatanunua.

Kwa wenye wasomaji wengi London au Hamburg kuna jingine. Tangu tarehe 16 Januari 2024, Google inataka tovuti inayoonyesha matangazo kwa watu wa Uingereza na Eneo la Kiuchumi la Ulaya iwe na ujumbe wa kuomba ridhaa uliothibitishwa. Bila huo, wasomaji hao hawaonyeshwi matangazo yanayolenga mambo wanayopenda, ambayo ndiyo yenye bei nzuri. AdSense yenyewe ina zana ya bure ya kuuweka.

Mwisho, kumbuka ulichobadilisha mwenyewe. Templeti mpya inayosukuma tangazo chini ya makala, au ukurasa unaochelewa kufunguka kwenye simu ya bei nafuu, hufanya tangazo lisionekane. Na kisichoonekana hakilipi: mwanzoni mwa 2024 AdSense ilihamia kulipa kwa tangazo kuonekana badala ya kubofywa.

Makadirio mazuri, malipo pungufu

Wapo ambao kila siku namba zilikuwa safi, lakini mwezi ulipoisha hela ikapungua. Namba ya kila siku ni makadirio. Kabla ya kulipa, Google huondoa mibofyo na mitazamo isiyo halali, iwe ya boti au ya watu.

Makato madogo ni ya kawaida. Makato makubwa ni onyo, na dawa yake ni kutafuta wageni wa ajabu: nchi ambayo haijawahi kusoma tovuti hiyo, au mamia ya watu wanaokaa sekunde moja na kuondoka.

Mambo ya kutofanya kabisa

Usibofye matangazo yako, hata mara moja "kujaribu". Usiingie kwenye magrupu ya "nibofyie nikubofyie". Usinunue wasomaji wa bei chee, wengi wao ni boti.

Hasara yake haiishii kwenye mapato ya mwezi huo. AdSense hulipa salio likifika dola 100. Akaunti ikifungwa kwa mibofyo isiyo halali, salio ambalo halijalipwa linaweza kuzuiliwa na kurudishwa kwa watangazaji. Mwenye dola 94 alizokusanya kwa miezi minne anaweza kuzikosa zote kwa ajili ya kufidia dola 10 za siku moja.

Usijaze matangazo pia. Kwa viwango ambavyo Chrome inavifuata, kwenye simu matangazo yakizidi asilimia 30 ya urefu wa maudhui ni kosa. Tovuti inayoendelea hivyo inaweza kuzimiwa matangazo yote ndani ya Chrome.

Ukishajua tatizo, rekebisha kitu kimoja, kisha subiri wiki nzima kabla ya kugusa kingine. Ukibadilisha vitano kwa usiku mmoja na mapato yakapanda, hutajua kipi kimesaidia. Yakishuka zaidi, hutajua kipi kimeua.

Na weka daftari, hata kwenye noti za simu: tarehe uliyobadilisha templeti, uliyohama hosti, uliyoweka plugini mpya, habari iliyovuma. Siku mapato yatakaposhuka tena, jibu linaweza kuwa limeandikwa humo tayari.