Kuzuia ni Kitu Kimoja, Kufuta ni Kingine

Mwaka 1963 kampuni ya utangazaji ya Marekani, CBS, ilitangaza kwamba imeuza Barani Afrika mchezo wake wa kuchekesha uitwao Amos 'n' Andy. Wanunuzi walikuwa wawili, Kenya na Jimbo la Magharibi la Nigeria. Haukupita muda mrefu, ofisa wa serikali ya Kenya akatamka kwamba mchezo huo umepigwa marufuku nchini mwake. Televisheni ya Kenya ilikuwa changa mno wakati huo, imeanza mwaka mmoja tu kabla, na bila shaka ilikuwa na njaa ya vipindi. Juu ya hayo, chakula hicho ilikikataa.

Tunaikumbusha khabari hii kwa sababu suala la vipindi vya zamani limerudi tena kwa nguvu duniani: vipi vionyeshwe, vipi vikatwe, vipi vifungiwe kabatini. Wengi wanaolijadili hudhani kwamba ni ugomvi wa Ulaya na Marekani peke yake, ilhali Afrika Mashariki ilikwisha kutoa hukumu yake zaidi ya miaka sitini iliyopita.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa namna gani? Ulianza katika redio mjini Chicago mwaka 1928, ukitungwa na kuigizwa na Wazungu wawili, Freeman Gosden na Charles Correll, waliojifanya Weusi kwa kuibananga lugha. Ulipendwa kiasi ambacho baadhi ya majumba ya sinema yalisimamisha picha kwa robo saa ili watazamaji wasikilize redio kwanza. Mwaka 1951 ukahamia katika televisheni, na safari hii waigizaji wakawa Weusi wenyewe. Chama cha NAACP, kilichokuwa mstari wa mbele kutetea haki za Wamarekani Weusi, kikaupinga mara moja. Katika mchezo ule, kilisema, daktari Mweusi ni laghai, wakili Mweusi ni mwoga asiye na maadili, mwanamke Mweusi ni mgomvi wa makelele. Na kwa kuwa Mweusi hakuwa akionekana kwenye televisheni katika sura nyingine, Mzungu aliyekaa nyumbani kwake angeamini kwamba hivyo ndivyo walivyo wote.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote. Mzaha si dhambi. Sisi watu wa Visiwani tunataniana mchana kutwa, Mpemba na Muunguja, mtu wa mjini na mtu wa shamba, na hakuna anayelala na kinyongo. Lakini utani una sharti lake, nalo ni kwamba anayetaniwa awe na kinywa cha kujibu. Mwaka 1951 Mmarekani Mweusi hakuwa na kinywa hicho katika televisheni ya nchi yake.

CBS iliacha kuuonyesha katika mtandao wake mwaka 1953, lakini biashara haikuacha. Sehemu 78 zilizokwisha kupigwa picha ziliendelea kuuzwa kwa vituo vidogo vidogo, na hatimaye zikaletwa kwetu, mpaka kampuni ikazitoa sokoni mwaka 1966. Wala haki haimruhusu mtu kuusimulia mkasa huu bila kuwataja waigizaji. Tim Moore, Alvin Childress, Ernestine Wade na wenzao walikuwa mafundi wa kazi yao, na mchezo ulipofungwa hawakufunguliwa mlango mwingine wa maana. Ilikuwa mpaka 1968 ndipo Diahann Carroll alipopewa mchezo wake mwenyewe, Julia, akiigiza muuguzi wala si mtumishi wa nyumbani. Walioshinda vita ya kuuondoa mchezo mbaya hawakuwa na uwezo wa kuweka mzuri mahali pake, na gharama hiyo ililipwa na Weusi hao hao.

Je, Kenya ilikosea? Tunasema kwa kinywa kipana kwamba haikukosea. Nchi iliyokuwa ikijitayarisha kushika bendera yake Desemba mwaka ule haikuwa na wajibu wa kutumia fedha zake kuwaonyesha watoto wake kwamba mtu mweusi ni kichekesho. Ila tuangalie vizuri namna ilivyofanya. Ilikataa hadharani, na kwa mamlaka yake yenyewe. Haikuchukua mkasi ikapunguza hapa na pale, kisha ikaonyesha kilichobaki kana kwamba ndicho kilichotengenezwa.

Mkasi ndio tunaouhofu. Uingereza inatupatia mifano. BBC ilionyesha kwa miaka 20, kuanzia 1958 hadi 1978, kipindi kilichoitwa The Black and White Minstrel Show, ambamo waimbaji wa kizungu walijipaka masizi usoni na kuchora midomo mikubwa wakijifanya watumwa wenye furaha. Watazamaji walihesabiwa kwa mamilioni, na mwaka 1961 kikapewa tuzo ya kimataifa huko Montreux, Uswisi. Mwaka 1967 wapinzani wa ubaguzi walikusanya saini kutaka kiondolewe. Ndani ya shirika lenyewe mhasibu mkuu alikwisha kuandika barua kulalamika, na mwaka ule mkubwa mmoja akajibu kwa maandishi kwamba ushauri bora ambao marafiki wa watu wa rangi wangeweza kuwapa, kwa faida yao wenyewe, ni kunyamaza. Kipindi kikaendelea miaka mingine 11.

Tumeyajuaje hayo? Tumeyajua kwa sababu karatasi zilihifadhiwa. Lau angetokea mtu mwenye nia njema akazichoma kwa kuwa zinaudhi, leo BBC ingeweza kusema kwamba zama zile hakuna aliyejua kuwa jambo lile ni baya. Karatasi zinashuhudia kwamba walijua, kwa kuwa waliambiwa.

Sasa tuje kwenye siku za karibu. Baada ya George Floyd kuuawa na polisi mjini Minneapolis, Mei 2020, makampuni ya Uingereza na Marekani yalikimbilia kabati zao. Mchezo wa Little Britain, ambao mna watu waliojipaka rangi wakaigiza Weusi, uliondolewa kwenye mitambo ya intaneti, kisha ukarejea katika mtambo wa BBC mwaka 2022 ukiwa umekatwa. Kijana atakayeutazama leo hataona masizi. Ataona mchezo safi, na atawahesabu waliouandika na walioutangaza kuwa watu safi. Mkasi, basi, haukumsaidia aliyetukanwa, ulimwosha aliyetukana.

Mfano mwingine ni Fawlty Towers, mchezo wa John Cleese na Connie Booth. Katika sehemu moja iliyoonyeshwa kwanza Oktoba 1975 yumo meja mzee mstaafu, anayetoa maneno machafu juu ya wachezaji kriketi Wahindi na wa visiwa vya Karibi. BBC ilipoirudia mwaka 2013 iliyaondoa maneno hayo. Mwaka 2020 kampuni ya UKTV iliificha sehemu yote, Cleese akapiga kelele kwamba anayechekwa pale ni huyo meja na fikra zake zilizooza, na baada ya siku chache ikarudishwa pamoja na maelezo ya tahadhari. Hoja ya Cleese ina uzito, ingawa hatuikubali nzima nzima. Uingereza hiyo hiyo ilikuwa na Till Death Us Do Part, mchezo uliotungwa na Johnny Speight makusudi kumdhihaki mbaguzi aitwaye Alf Garnett, na watazamaji wengi wakamshangilia Alf kwa dhati, wakimwona anasema yaliyo mioyoni mwao. Nia ya mtunzi haisafiri kila wakati pamoja na kazi yake.

Njia iliyotupendeza zaidi mwaka ule ilihusu filamu, si mchezo wa televisheni. Gone with the Wind ya 1939, inayopamba maisha ya mabwana wa watumwa, iliondolewa kwa muda, na mwezi huo huo ikarudi nzima, ikitanguliwa na maelezo ya Jacqueline Stewart, profesa wa sinema na mwanamke Mweusi. Hakukatwa mtu. Aliyetaka kutazama alitazama, lakini kwanza alikutana na aliye na haki ya kujibu.

Waliopitia chuoni wanaijua njia hii, maana si ya jana. Katika vitabu vyetu vya zamani vya mkono, mwanachuoni aliyekuta kauli asiyoiafiki hakuchukua kisu akaikwangua. Aliandika hashia pambizoni, akaweka hoja zake, na kauli ya mwenyewe ikabaki palepale katikati ya ukurasa. Msomaji wa karne ya pili yake akawapata wote wawili.

Hapa petu Zanzibar jambo hili si la kutazamwa kwa mbali. Televisheni ya rangi ilianza Visiwani mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati Bara ilisubiri mpaka miaka ya tisini. Shirika la Utangazaji Zanzibar, lililoundwa 2013 kwa kuunganisha redio na televisheni, ni mrithi wa kazi ya miaka mingi ya taarabu, maigizo na hotuba. Na viwango vyetu vimebadilika, kusema kweli, tena vimebadilika kwa kheri. Neno zeruzeru, lililotamkwa zamani bila mtu kushtuka, leo linachoma, hasa baada ya mauaji yaliyoitikisa Tanzania katika miaka ya 2000. Tunasema mtu mwenye ualbino. Kiwete na kichaa walikuwa bidhaa ya kuchekesha. Kadhalika mke aliyepigwa.

Likitokea igizo la namna hiyo mezani, mwenye dhamana afanye nini? Asilionyeshe magharibi watoto wakiwa wamekaa mkekani, hilo halina mjadala. Akiona halifai kuonyeshwa kabisa, alizuie, lakini aandike sababu na tarehe, na aweke jina lake chini, ili anayekuja baada yake ajue nani aliamua nini. Akiona lina faida, alitangulize na maneno ya mtu anayehusika, mwenye ulemavu au mwanamke mwenyewe, si kibandiko cha sekunde tatu kisichosomwa na mtu. Ama mkanda wa asili, huo usiguswe kwa hali yoyote. Nakala ikatwe ikibidi, na ibandikwe wazi kwamba imekatwa.

Wako watakaosema kwamba makabati hayana nafasi na fedha hazitoshi. BBC nayo ilisema hivyo hivyo. Katika miaka ya sitini na sabini ilifuta mikanda mingi ili itumike tena, kwa kuwa mkanda ulikuwa ghali, na mpaka 1978 haikuwa na utaratibu kamili wa kuhifadhi. Sehemu nyingi za mchezo wake maarufu, Doctor Who, zilipotea kwa njia hiyo. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba sehemu tisa zilizokuwa hazina nakala London zimepatikana Afrika, katika stoo ya kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria, ambako hakuna aliyekuwa amezitupa.

Kwetu, mkanda wa sumaku hauna subira hiyo. Joto na unyevu wa bahari huula pole pole, na mashine za kuusomea zinazidi kuadimika kila mwaka. Kabla ya kuunda kamati ya kuamua kipi kionyeshwe na kipi kisionyeshwe, iandikwe kwanza orodha ya mikanda yote iliyopo, kabati kwa kabati, na nakala moja ya orodha hiyo ipelekwe Nyaraka, Kilimani.