Ini: Kiungo Kinachodhuriwa na Kazi Yake

Damu inayotoka tumboni na kwenye utumbo haiendi moja kwa moja moyoni. Hukusanywa kwenye mshipa mmoja mnene, ikiwa imebeba sukari, protini iliyosagwa, dawa na sumu, kisha hupelekwa kwenye ini. Ni kama forodha bandarini: mzigo hautoki getini kabla haujafunguliwa na kukaguliwa. Karibu robo tatu ya damu inayoingia kwenye ini hupitia njia hiyo.

Kiungo chenyewe kina uzito wa takribani kilo moja na nusu kwa mtu mzima, nacho kimejibanza upande wa kulia chini ya mbavu. Sukari ikizidi baada ya mlo, ini huiweka akiba, na ikipungua huirudisha kwenye damu kidogo kidogo. Ndiyo maana aliyefunga Ramadhani bado anatembea saa kumi alasiri. Hutengeneza nyongo inayosaidia kusaga mafuta, na protini zinazogandisha damu mtu akijikata. Amonia, ambayo ikifika kwenye ubongo humchanganya mtu akili, huigeuza urea itoke kwa mkojo. Chembe nyekundu za damu zikizeeka huacha uchafu wa rangi ya manjano, nalo huusafirisha kwenye nyongo. Kazi hiyo ikikwama, macho hugeuka manjano.

Watu husema ini huchuja sumu. Kwa kweli halichuji, hubadilisha. Huichukua kemikali na kuigeuza umbo ili iweze kutolewa mwilini, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mara nyingine kinachozaliwa ni kikali kuliko kilichoingia. Paracetamol, dawa iliyomo karibu kila nyumba, huacha masalia yenye sumu ambayo ini huyazima bila shida kwa dozi ya kawaida. Meza vidonge kupita kiasi, nguvu ya kuyazima inaisha na seli zinakufa. Pombe nayo ina mkasa kama huo.

Sumukuvu ndiyo mfano mchungu kuliko yote. Hutoka kwa kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zenye unyevu. Dunia ilianza kuichunguza mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula chakula chenye karanga zilizoota kuvu. Binadamu nao hawakusalimika: mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa mabichi. Moto wa jikoni haukuwaokoa, kwani sumukuvu haitoweki kwa kupikwa ugali. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, ini lenyewe huigeuza kitu kinachong'ang'ania vinasaba vya seli, na mwisho wake huweza kuwa saratani.

Walipochunguzwa wagonjwa wale wa 2004, walionekana kuwa na virusi vya homa ya ini B mara nyingi zaidi kuliko majirani zao wazima. Sumukuvu na virusi hivyo vikikutana, hatari ya saratani haijumlishwi tu, huzidishwa. Virusi hivyo viligunduliwa na Baruch Blumberg, Mmarekani aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Ajabu ni kwamba si virusi vyenyewe vinavyoua seli nyingi. Ni kinga ya mwili ikivisaka ndani ya ini. Homa ya ini C sasa hupona kwa vidonge vya majuma machache. A na E huja na maji machafu na kwa kawaida hupita zenyewe, ingawa E ni hatari kubwa kwa mjamzito.

Ukanda wa Ziwa Victoria una adui mwingine, kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo husombwa na damu ya utumbo hadi kwenye ini, yakanasa huko na kuacha makovu. Damu ikikosa njia, mishipa ya umio huvimba na kupasuka, na mtu anatapika damu ghafla. Jirani atasema amelogwa, kumbe ni maji aliyooga utotoni.

Ugonjwa mwingi wa ini hukua kimya kwa sababu nyama yake ya ndani haina hisia ya maumivu, na sehemu iliyobaki nzima hubeba kazi ya yote. Tena hukua upya: mtu hukatwa zaidi ya nusu ya ini kumpa ndugu yake, na ndani ya miezi michache ukubwa unakaribia wa awali. Makovu yakitapakaa, uwezo huo hufifia.

Ndiyo maana ni heri kuzuia mapema. Mtoto akiambukizwa homa ya ini B wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa kubaki nayo maisha yote ni karibu asilimia 90. Kwa mtu mzima ni chini ya 5. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linataka chanjo ya kwanza itolewe ndani ya saa 24. Mtu mzima ambaye hakuchanjwa utotoni anaweza kupimwa damu, na akiwa hana virusi huchanjwa sindano tatu ndani ya miezi sita.