Using'oe Kaunta ya Mvule kwa Sababu ya Doa

Wageni wa Desemba wakishaondoka Lugulu, ndipo mama mwenye nyumba anapopata nafasi ya kuitazama vizuri kaunta yake ya mbao. Hapa sufuria ya chai imeacha duara jeupe. Pale karai la chuma lililala na maji chini yake usiku kucha, likaacha duara jeusi tititi. Kando ya sinki mbao imegeuka kijivu, na mahali palipokatiwa nyama pana waa lililoishinda sabuni. Mwaka unaogawanyika kwa mbili huwa na kazi zaidi, kwa maana Agosti yake ni msimu wa tohara, na jikoni kwa Wabukusu moto hauzimwi.

Ushauri unaokuja haraka ni mmoja: ng'oa hiyo mbao, weka taili au graniti. Ni ushauri wa hasara. Madoa mengi ya jikoni hayajaingia ndani zaidi ya milimita moja au mbili, na karibu kila moja lina dawa yake. Kinachowashinda watu ni kuanza na msasa kabla ya kujua doa limetokana na nini.

Mbao nzuri si kitu kigeni katika sehemu hizi. Wamisionari Waquaker waliofika Kaimosi mwaka 1902 walikuja na Biblia na msumeno pia. Shirika lao, Friends Africa Industrial Mission, lilifundisha kazi za mikono sambamba na dini, na Kaimosi ikapata kiwanda cha kupasulia mbao. Lugulu, ambayo leo ina hospitali ya misheni na shule ya upili ya wasichana, ni mojawapo ya vituo vya Friends upande huu wa Bungoma. Useremala ulienda pamoja na kusoma, na ndiyo maana katika nyumba za walimu na wahubiri wa zamani bado utakuta meza nzito za mvule, au za ule mti mgumu wenye michirizi myeusi ambao mafundi huuita tiki ya Elgon.

Kupata ubao wa namna hiyo leo ni shughuli. Misitu ya kupandwa iliyo karibu nasi, kama ile ya Turbo iliyokuwa ikilisha kiwanda cha karatasi cha Webuye, ni ya miti laini kama msonobari. Tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma mwaka 2018, hadi Rais alipotangaza kuiondoa marufuku hiyo mwaka 2023, wenye karakana walizoea kutegemea mbao za nje. Mvule na mahogani vinavyouzwa sasa hutoka sana Kongo, vikipitia Uganda. Mwenye ubao wa mvule wa inchi mbili jikoni mwake ana mali. Kuutupa ili kununua bodi ya vumbi la mbao iliyobandikwa fomika ni kubadilisha ng'ombe kwa kuku.

Rangi ya doa ndiyo ushahidi

Kabla ya kushika kifaa chochote, dondosha matone ya maji juu ya kaunta na usubiri dakika kumi. Yakibaki yamesimama kama shanga, vanishi bado ipo. Yakinywewa na mbao ikawa nyeusi, kinga imekwisha na mbao iko uchi. Kisha tazama rangi ya doa lenyewe.

Doa jeupe ndilo jepesi kuliko yote. Ni unyevu au joto lililonaswa ndani ya vanishi, na mbao iliyo chini haijaguswa. Chukua majivu laini yaliyochekechwa, yachanganye na mafuta kidogo ya kupikia, usugue kwa kitambaa taratibu ukifuata nyuzi za mbao. Kitambaa kilichonyunyiziwa spiriti kidogo sana husaidia pia, lakini kikilowa kitaiyeyusha vanishi yenyewe.

Doa jeusi lina habari ndefu zaidi. Wengi hudhani ni uozo au masizi, lakini mara nyingi ni kutu iliyokutana na tanini. Tanini ni ule uchungu ulio ndani ya miti mingi migumu, na ndiyo hiyo hiyo ambayo kampuni ya East African Tanning Extract kule Eldoret ilikuwa ikiikamua kwenye magome ya miwati kwa ajili ya kulainisha ngozi. Chuma kikilowa juu ya mbao yenye tanini, viwili hivyo huungana na kuwa kitu cheusi kama wino. Hakika, wino wa kuandikia uliotumika Ulaya kwa karne nyingi ulitengenezwa kwa njia hiyo. Karai, panga, kopo lililopigwa kutu na hata vumbi la waya wa kusugulia sufuria, vyote huacha alama hiyo. Mkaratusi, ambao wengi huutumia siku hizi kwa sababu ni rahisi kupatikana, una tanini nyingi na hushika madoa upesi.

Kuna doa jingine la giza ambalo vitabu vya ufundi vya ng'ambo havilitaji, nalo ni la munyu. Yale maji ya majivu tunayoyachuja ili kulainisha mrenda na majani ya kunde ni makali, na yakimwagika juu ya mbao yenye tanini huifanya iwe ya kahawia iliyokolea. Magadi hufanya vivyo hivyo. Hapa dawa ni uchachu: osha kwa maji, kisha pangusa kwa siki au maji ya limau, halafu suuza. Doa litapungua, na msasa utamaliza kilichobaki.

La manjano ya bizari lisikuhangaishe. Rangi ya bizari haivumilii jua. Ikiwa kaunta inapata mwanga wa dirisha, doa litafifia lenyewe siku zinavyosonga. Kibao cha kukatia kianike nje.

La mafuta huvutwa juu. Ponda chaki, ichanganye na tapentaini iwe kama uji mzito, paka juu ya doa, acha ikauke kabisa kisha uifagie. Rudia hadi chaki itoke safi. Fanya kazi hiyo moto wote ukiwa umezimwa na madirisha yakiwa wazi.

Kuling'oa doa jeusi

Limau linaweza kulipunguza doa dogo la kutu, lakini lililokomaa linahitaji asidi ya oksaliki, unga mweupe unaouzwa katika maduka ya kemikali mijini. Ni sumu ikimezwa, na vumbi lake huwasha pua na macho. Vaa glovu, funika macho, waondoe watoto jikoni, na usitumie chombo cha chuma. Yeyusha gramu 50 hivi katika lita moja ya maji ya moto, ndani ya ndoo ya plastiki.

Ondoa kwanza vanishi yote iliyosalia, kwa sababu asidi haiwezi kuipenya. Mafundi wetu hutumia kipande cha kioo kilichovunjika: hukishika kwa mikono miwili, hukiinamisha kidogo, halafu hukivuta kuelekea kifuani. Kioo kikiwa kikali, huinua nyuzi nyembamba zilizojikunja, si vumbi. Kikianza kutoa vumbi, ujue kimechoka, tafuta pembe nyingine. Asiyezoea atumie msasa namba 80 au 120, asije akajikata.

Paka maji ya oksaliki juu ya kaunta nzima, si juu ya doa peke yake, la sivyo utabaki na baka jeupe mahali palipokuwa na baka jeusi. Subiri dakika 20. Doa huanza kufifia huku ukilitazama, kwanza pembeni, kisha katikati. Likigoma, paka mara ya pili. Suuza kwa maji mengi, pangusa kwa maji yenye kijiko cha soda ya kuokea, kisha suuza tena mara kadhaa. Hapa ni mahali pa chakula, kwa hiyo usione uvivu katika kusuuza. Na kamwe usichanganye asidi hii, wala siki, na Jik: hutoa gesi inayochoma mapafu.

Acha mbao ikauke siku tatu au nne. Januari na Februari ni miezi mizuri kwa kazi hii kutoka Bungoma hadi Kitale, maana kiangazi kipo. Ukingoja mvua za Machi na Aprili, mbao itakuwa na maji ndani na hakuna mafuta yatakayoingia.

Ikikauka, piga msasa namba 120, kisha 180, umalizie na 240, ukifuata nyuzi. Ukivuka nyuzi, mikwaruzo itaonekana mara tu mafuta yatakapoingia. Funga pua kwa barakoa, kwani vumbi la mvule huwaletea watu wengi mafua na upele. Kabla ya namba ya mwisho, pangusa mbao kwa kitambaa chenye maji ili vinyweleo visimame, acha ikauke, ndipo umalizie.

Mafuta au vanishi?

Vanishi hung'aa na huvutia macho, na juu ya mlango au kabati haina mpinzani. Kando ya sinki ni habari nyingine. Mbao hutanuka wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, vanishi hupasuka, maji hupenya chini yake na hayatoki. Hapo huwezi kuziba mahali pamoja, inabidi uiparue yote. Mafuta hayang'ai hivyo, lakini palipochakaa unapaka hapo tu, kwa mkono wako, jioni moja.

Mafuta ya kitani yasiyochemshwa hukauka ndani ya mbao, ingawa polepole. Yale yanayoitwa ya kuchemshwa hukauka upesi, lakini mengi hutiwa madini ya kukausha, hivyo si ya mahali pa chakula mpaka yakauke kabisa. Mafuta ya kupikia yaache, mengi hayakauki vizuri na hunuka baada ya muda. Kwa anayetaka njia nyepesi, kuna mafuta meupe ya parafini yanayouzwa duka la dawa kwa wanaofunga choo. Hayanuki wala hayaozi, ila hayakauki, hivyo hupakwa tena kila mwezi. Mwambie mwuza dawa unachotaka. Usidhani ni mafuta ya taa, ambayo hayafai kabisa juu ya mbao ya chakula.

Paka kwa kitambaa, ngoja dakika 20, pangusa yote yaliyobaki juu. Rudia baada ya mafuta kukauka, mara tatu. Pande za mwisho wa ubao na upande wa chini zipake zaidi, kwa sababu huko ndiko maji huingilia. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani visikunjwe na kutupwa pembeni: hujipasha joto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vitandaze nje au uvitumbukize ndani ya maji.

Juu ya mafuta, nta ya nyuki ni kinga njema, na kwa walio karibu na Mlima Elgon au barabara ya Kapenguria si vigumu kuipata kwa wauza asali. Sehemu moja ya nta kwa nne za mafuta, iyeyushwe katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji, kamwe si moja kwa moja juu ya moto.

Wasiwasi wa usafi nao una jibu. Miaka ya 1990 mtafiti Mmarekani Dean Cliver alilinganisha vibao vya mbao na vya plastiki, akaona kwamba bakteria walioachwa juu ya mbao walinywewa ndani na kufa taratibu bila kuzaana. Haimaanishi usioshe. Osha kwa sabuni na maji ya moto, hasa baada ya kuku, kisha pangusa hadi pakauke.

Kilichobaki ni hesabu ndogo. Usuguaji wa namna hii huondoa chini ya milimita moja ya mbao. Ubao wa inchi mbili una milimita 50. Hata ukiusugua kila baada ya miaka mitano, wajukuu wataukuta bado mnene, ilhali bodi ya fomika ikivimba kando ya sinki haina cha kusugua.