Majibu uliyompa mtafiti Kasulu au Kibondo: yanafutwa lini, na nani anafuta?

Kijana mwenye kishikwambi akipiga hodi kijijini Kasulu, maswali huwa karibu yale yale. Kaya ina watu wangapi, mnachota maji wapi, mtoto wa mwisho alizaliwa nyumbani au zahanati. Baada ya nusu saa au zaidi anaaga na kuondoka na majibu. Yatakaa huko mpaka lini? Wachache sana huuliza.

Na Kigoma imehojiwa kweli kweli. Kati ya mwaka 2014 na 2018, wanawake wa mkoa huo waliulizwa kuhusu kujifungua na uzazi wa mpango, katika tafiti zilizokwenda sambamba na mradi wa kupunguza vifo vya wajawazito uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies. Katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani na MUHAS cha Dar es Salaam walifanya utafiti na wanawake wakimbizi wa Kikongo waliopitia ukatili wa wenza wao. Kibondo nako kambi ya Nduta ilifunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipoanza kumiminika.

Mwanamke akishasema nani anampiga, majibu yake hayawezi kuachwa ovyo kwenye kompyuta. Lakini hayapaswi pia kupotea kabla hayajamsaidia yeyote.

Kompyuta inafuta kwa tarehe

Mwenye simu anaijua habari hii kwa upande wake. Mei 2023 Google ilitangaza kuwa akaunti binafsi isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa na vyote vilivyomo, na kazi hiyo ikaanza Desemba mwaka huo huo. Kwa watafiti muda ni mfupi zaidi.

Dodoso la kaya ni dogo, linaingia kwenye laptop ya kawaida. Picha za setilaiti za misitu au vinasaba vya vimelea vya malaria ni habari nyingine. Hivyo vinahitaji kompyuta kubwa, ambayo watafiti wengi wanaitumia kwa pamoja. Mfano ni kituo cha CHPC cha Cape Town, Afrika Kusini. Masharti yake yako wazi: faili lililozidi siku 90 kwenye eneo la kazi linaweza kufutwa bila taarifa, na eneo hilo halina nakala ya akiba. Vituo vingi duniani vina masharti ya namna hiyo, vingine siku 30, vingine 60.

Si roho mbaya. Diski ikijaa, kazi za wote zinakwama, na kila mtu huamini mafaili ya mwenzake ndiyo takataka. Tatizo ni kwamba kompyuta haijui thamani. Inaangalia tarehe tu.

Wakati mwingine hata tarehe haiangaliwi vizuri. Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilipoteza mafaili kama milioni 34 ya vikundi 14 vya watafiti. Programu iliyotakiwa kufuta kumbukumbu zilizopitwa na wakati ilibadilishwa huku ikiendelea kufanya kazi, ikafagia na visivyohusika. Zilipotea terabaiti 77, sawa na simu zaidi ya 1,200 za GB 64 zilizojaa pomoni. Kazi za vikundi 4 hazikuweza kurudishwa.

Kuna upotevu mwingine usiotangazwa popote. Mwanafunzi wa uzamili anamaliza chuo, akaunti yake inafungwa, na folda lenye majibu ya kijiji kizima linaondoka nayo. Mtafiti mwingine akija miaka mitano baadaye anaanza upya, na mama yule yule anaulizwa tena anachota maji wapi. Uchovu wa wananchi kwa watafiti una sababu.

Sheria nayo inataka kufuta

Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa zinazomtambulisha mtu zisitunzwe muda mrefu kuliko kazi iliyokusudiwa. Anayeona taarifa zake zimetumika vibaya anaweza kulalamika kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, PDPC.

Kwa hiyo mtafiti makini anatenganisha. Jina linaondolewa, linawekwa namba. Orodha inayounganisha jina na namba inafungiwa pembeni, na utafiti ukiisha hiyo ndiyo inayotakiwa kuchomwa, tuseme. Majibu yasiyo na majina yanaweza kubaki yakasaidia wengine. Ila orodha ikishafutwa, ukisema "naomba majibu yangu yaondolewe", hakuna tena anayejua yapi ni yako. Mwenye nia ya kujitoa inabidi aseme mapema.

Na kubonyeza "futa" kwenye seva si mwisho. Nakala inaweza kuwa imebaki kwenye kishikwambi kilichopewa mradi mwingine, kwenye flashi ya msimamizi, au kwenye grupu la WhatsApp ambako mtu alituma picha ya fomu ili aulize swali dogo tu.

Kwa wakimbizi kuna jambo jingine. Usajili si utafiti. Sera ya UNHCR ya mwaka 2015 ilisema mafaili ya mtu mmoja mmoja ni kumbukumbu za kudumu, hata kesi ikishafungwa. Inaweza kutisha, lakini ina mantiki. Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 walisubiri zaidi ya miaka 30 kabla mchakato wa kuwapa uraia haujaanza, na zaidi ya 160,000 waliupata. Kwa mtu wa namna hiyo, karatasi ya siku alipoingia ni mali. Takwimu za tafiti za UNHCR hupita njia tofauti: huondolewa majina, kisha huwekwa kwenye maktaba yake ya takwimu iliyoanza mwaka 2020, watafiti wengine wazitumie.

Uulize nini kabla ya kusaini

Fomu ya ridhaa kwa kawaida hueleza taarifa zitatunzwaje. Kama haielezi, uliza papo hapo: jina langu litafutwa lini? Nani anashika ile orodha? Majibu yanakwenda nje ya nchi? Nikibadili mawazo, mwisho wa kujitoa ni siku gani?

Utafiti wa afya unatakiwa uwe na kibali cha maadili, mara nyingi cha NIMR. Namba ya simu ya kamati ya maadili huwa kwenye karatasi ya maelezo unayoachiwa. Ipige picha kabla mgeni hajaondoka.