Ukoo wa Mama Uliosimuliwa Nusu

Mwaka 1951 Henrietta Lacks, mwanamke Mmarekani mweusi, alifariki kwa saratani ya shingo ya kizazi katika Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore. Kabla hajafa, kipande cha uvimbe wake kilikuwa kimechukuliwa bila ridhaa yake, na seli zilizotokana nacho zinaendelea kuzaana maabarani hadi leo kwa jina la HeLa. Wengi wanazijua kwa mchango wake katika chanjo ya polio. Wachache wanajua kwamba mwaka 1987, Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipochapisha utafiti uliofuatilia binadamu wote walio hai hadi kwa bibi mmoja wa upande wa mama, seli hizo zilikuwamo kati ya sampuli zao 147. Sampuli nyingine karibu zote zilikuwa kondo za nyuma za wanawake waliojifungua. DNA ya mitokondria iliyomo ndani ya HeLa ni ya ukoo uitwao L3, tawi la L3b, ambalo makao yake makuu ni Afrika Magharibi. L3 ndio ukoo unaosifiwa kwa kutoka Afrika na kuijaza dunia. Lakini bibi zake Henrietta hawakuwamo katika safari hiyo. Walibaki barani makumi ya maelfu ya miaka, kisha wakaondolewa kwa nguvu. Hadithi ya L3 tunayosomewa huishia kwa walioondoka zamani, na wengi waliobaki huachwa nje, ilhali historia ndefu zaidi ya ukoo huu ni ya hao waliobaki.

Mitokondria ni vijimtambo vinavyoipa seli nguvu, navyo vina DNA yake vyenyewe: herufi 16,569 tu na jeni 37, zilizosomwa zote kwa mara ya kwanza Cambridge mwaka 1981. Kila mtu hupewa DNA hiyo na mama yake. Mtoto wa kiume anayo, ila hawarithishi wanawe. Kwa kuwa haichanganyiki na ya baba, hushuka jinsi ilivyo, isipokuwa mara mojamoja herufi moja inaponakiliwa vibaya. Kosa hilo likishaingia kwa binti, hufuata kwa wajukuu na vitukuu wake wote wa upande wa kike, na wanaobeba makosa yaleyale hujulikana kuwa wametokana na mwanamke mmoja. Kwa kuhesabu makosa hayo, mama wa L3 anakadiriwa kuishi miaka 70,000 hivi iliyopita. Matawi yake ni mengi: L3a, L3b, L3c, L3d, L3e, L3f, L3h, L3i, L3k, L3x. Pamoja nayo yapo mengine mawili, M na N. Karibu wenyeji wote wa Asia, Ulaya, Australia na Amerika, ukifuata mama zao nyuma vya kutosha, wanaangukia ama M ama N. Mtu wa Ust'-Ishim, ambaye mfupa wake wa paja uliokotwa kando ya mto Irtysh huko Siberia na ambaye aliishi miaka 45,000 hivi iliyopita, alikuwa wa R, na R ni mtoto wa N.

Herufi hizi zimepotosha wasomaji wengi. Ziligawiwa kwa kufuata mpangilio wa utafiti na wala si wa uzao. Maabara za Marekani zilianza na wenyeji wa Amerika miaka ya mwanzo ya 1990, wakapewa A, B, C na D, na Waafrika wote wakarundikwa ndani ya L. Mtu akitazama orodha hiyo huona L ni kundi moja kati ya makundi zaidi ya ishirini yaliyo sawa kwa ukubwa. Ukweli ni kinyume. Mwanamke wa Msumbiji mwenye L3e na mwanamke wa China mwenye M ni ndugu wa karibu zaidi kwa mstari huu wa mama kuliko yeyote kati yao alivyo karibu na mwanamke wa Kisan wa kusini mwa Afrika mwenye L0d. M na N ni mabinti wawili wa L3, na dada zao karibu wote walibaki. Anayeandika kwamba L3 "iliondoka Afrika" ameichukua sehemu ndogo ya familia akaipa jina la familia nzima.

Wapo wanaopinga hata hilo la kwamba L3 ilizaliwa Afrika. Mwaka 2018 kundi la watafiti lililoongozwa na Vicente Cabrera lilitoa hoja kwamba mama wa L3 huenda aliishi Asia, na kwamba wazao wake walirudi Afrika miaka 70,000 iliyopita. Hoja yao si ya kubeza. Waliilinganisha L3 na ukoo wa kiume E, ulioenea Afrika, ambao ndugu yake wa karibu, D, hupatikana Tibet na Japani. Lakini mwaka uliofuata utafiti mwingine ulionyesha kuwa tawi la kale sana la D lipo kwa wanaume wa Nigeria, na mhimili huo ukalegea. Zaidi ya hapo, ukoo ulio jirani kabisa na L3 ni L4, na L4 iko kwetu: kwa Wahadza na Wasandawe wa Tanzania, na kwa watu wa Ethiopia. Jirani wengine, L2 na L6, nao makao yao ya asili si Asia. Kwa L3 kuzaliwa Asia, ingebidi mama yake aondoke peke yake, dada na shangazi wote wabaki, kisha binti zake warudi bila kuacha huko chochote isipokuwa M na N. Ni njia ndefu mno wakati ile fupi ipo wazi: L3 ilichipuka Afrika, kwa uwezekano mkubwa mashariki, na kikundi kidogo kikavuka. Walikuwapo waliotangulia kuvuka. Taya la binadamu lililopatikana Misliya, Israeli, lina umri unaokaribia miaka 180,000. Ila hao hawakuacha ukoo wowote wa mama ulio hai leo.

Waliobaki nao hawakukaa mahali pamoja. L3e pekee inakadiriwa kuwa theluthi moja hivi ya L3 yote kusini mwa Sahara, na umri wake ni kama miaka 45,000. Miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita, wasemaji wa lugha za Kibantu walipoanza kusambaa kutoka mpakani mwa Nigeria na Cameroon, matawi ya L3 yalisafiri nao hadi mwambao wa Bahari ya Hindi na kusini kabisa mwa bara. Njiani waliwakuta wenyeji wakaoana nao, ndiyo maana kwa jamii nyingi za Afrika Mashariki kijiji kimoja kinaweza kuwa na koo za mama zilizoachana miaka zaidi ya 100,000 iliyopita.

Kutoka kwa pili, kule kwa utumwa, ndiko kunakoumiza, na ndiko kusikopewa nafasi. Mwaka 2000 watafiti wa Brazil waliwapima Wabrazili wanaohesabiwa kuwa weupe: 28% walikuwa na ukoo wa mama wa Kiafrika na 33% wa wenyeji wa Amerika, ilhali kwa upande wa baba karibu wote walikuwa wa Ulaya. Hadramaut, nchini Yemen, kiasi cha theluthi moja ya koo za mama zina asili ya Afrika kusini mwa Sahara, huku koo za kiume za Kiafrika zikiwa chache mno. Baadhi zinaweza kuwa za mawasiliano ya kale kuvuka Bab el Mandeb. Lakini pengo hilo kati ya mama na baba linaeleweka vizuri zaidi ukikumbuka sheria ya masuria. Mtumwa aliyemzalia bwana wake mtoto hakuuzwa tena na aliachwa huru bwana huyo alipofariki, na mtoto alizaliwa huru kwa nasaba ya baba. Jina la baba likaandikwa, la mama likapotea. Mitokondria haikupotea.

Mwambao wetu una hadithi nyingine, na haifai kuichanganya na hiyo. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya DNA ya watu 80 waliozikwa Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara, Lindi na Makwasinyi, kazi iliyomshirikisha mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba. Kati ya wanaume 19 wa Mtwapa waliosomwa kromosomu Y, 14 walikuwa wa J na wawili wa R1a, koo za Asia; watatu tu walikuwa wa koo za kawaida za Afrika. Kwa upande wa mama, karibu wote ni wa L. Mchanganyiko huo ulianza karibu na mwaka 1000, na baba wa mwanzo wengi walikuwa na asili ya Uajemi. Wazee waliosimulia habari za Washirazi hawakusema uongo. Ila anayedhani matokeo haya yanaufanya Uswahili kuwa mali ya wageni hajasoma upande wa pili wa jedwali: lugha ilibaki ya Kibantu, na wana wa wafanyabiashara wageni walilelewa katika utamaduni wa mama zao.

Kuna pingamizi moja ninalolikubali. Ukirudi nyuma vizazi 10 una nafasi 1,024 za mababu na mabibi, na mitokondria inakuonyesha mmoja tu. Hata yule bibi wa utafiti wa 1987, aliyepewa jina la "Hawa", hakuwa mwanamke pekee wa zama zake; ni kwamba mstari wa binti zake ndio ambao haukukatika. Kwa hiyo ukoo wa mama haukuambii wewe ni nani kwa ujumla. Thamani yake ni kwamba unaonyesha mtu yuleyule ambaye nasaba za kuandikwa, zenye fulani bin fulani, zilimwacha nje.

Ndiyo maana msomaji anayefikiria kutuma mate yake kwa kampuni za vipimo ajue anachonunua. Jibu likija L3e, halitamwambia kabila wala kijiji, kwa sababu ukoo huo ni mkongwe kuliko makabila yote. Na halitampa jina hata moja. Majina bado yako vichwani mwa wazee wetu wa kike. Kama bibi yako mzaa mama yu hai, muulize mama yake aliitwa nani, na mama wa mama yake, na walitoka wapi, uyaandike.