Kabla ya Kumtumia Mwenzako wa Chuo Pesa, Msikie Sauti

Krismasi ilipokaribia, mwalimu mmoja mstaafu wa Machakos alitaka kumtumia rafiki yake wa chuo shilingi 500 za sukari. Walisomea ualimu pamoja, miaka miwili ya P1, vitanda vyao vikipakana bwenini. Akaandika nambari aliyokuwa nayo tangu zamani. Kabla pesa haijaondoka, jina likatokea: la kijana wa kiume asiyemjua.

"Labda ni mjukuu wake," akawaza. Alikuwa karibu kubonyeza, lakini akaghairi na kumpigia mwenzao mwingine.

"Mwalimu, kwani hukusikia? Tulimzika mwaka juzi."

Zile mia tano zilikuwa salama. Kilichomuuma ni kwamba kwa muda huo wote aliamini bado wako pamoja, kwa sababu tu jina la rafikiye lilikuwa kwenye simu.

Nambari hubadilika

Laini ikikaa miezi mingi bila kutumika inaweza kufungwa, kisha nambari ipewe mteja mwingine. Na wale mliosoma nao sasa wako katika umri wa kuhamahama. Mwalimu wa serikali hustaafu akiwa na miaka 60. Anatoka nyumba ya shule, anarudi shambani ama anaenda kukaa na mtoto mjini. Simu inapotea, ananunua laini mpya, na si kila mtu anapata habari.

Kabla ya pesa kuanza kutumwa kwa simu humu nchini mwaka 2007, ulitafuta mtu anayeelekea kwao, ukampa bahasha na salamu. Akirudi, alikuletea habari za huko. Siku hizi pesa inafika mara moja, na unaweza kutuma mwaka mzima bila kuuliza hata "Nyumbani mko aje?"

Fanya hivi

*Piga simu kwanza.* Kama hamjaongea kwa muda, salimiana naye kabla ya kutuma chochote.

*Soma jina la mpokeaji.* Likiwa geni, ghairi. Usijiambie "labda ni mtoto wake."

*Jihadhari na ujumbe wa "nimebadilisha laini, niko hospitali, nisaidie."* Matapeli wanajua wazee wa chuo hawaachani. Piga nambari ya zamani, kisha muulize jambo mnalolijua nyinyi tu: mwalimu gani mlimpa jina la utani?

*Wekeni nambari ya jamaa.* Kila mmoja kwenye kikundi atoe nambari ya mke, mume au mtoto. Mwenzenu akinyamaza, mtajua wa kuuliza.

*Linda PIN yako.* Macho yakisumbua, kuza maandishi kwenye simu. Mjukuu anaweza kukusomea ujumbe, lakini PIN iandike mwenyewe.

*Ukikosea nambari, ripoti papo hapo.* Pesa ikishatolewa, kuirudisha ni kazi ngumu.

Yule mwalimu sasa ana daftari. Kila Jumapili baada ya kanisa anawapigia wenzake wawili, anaweka alama kando ya majina yao. Na zile mia tano? Alitafuta nambari ya binti ya marehemu, akampigia na kumpa pole. Waliongea karibu nusu saa. Ndipo akatuma, na safari hii jina lililotokea alilijua.